Akili ya Mwenye Kuacha Ulevi: Hurudi Lini, na kwa Kadiri Gani?

Katika miji ya pwani liko suala moja ambalo huulizwa barazani, na aghlabu aulizaye huliuliza kwa sauti ya chini, kwa kuwa lamhusu ndugu yake au baba yake. Mtu amekunywa miaka ishirini, kwanza tembo la mnazi, kisha mvinyo na kila kileweshacho. Siku moja akaacha. Akashika sala, akakaa na wanawe, wala harufu ya kileo haikusikiwa tena nyumbani mwake. Watu wa nyumba wakangoja wamwone yule kijana waliyemjua zamani. Hata mwezi ukapita, nao wakamwona ni mtu mwenye hasira za haraka, asiyepata usingizi, asahauye adhuhuri jambo aliloambiwa asubuhi, na aanzaye kazi asiimalize. Wakanong'onezana, "Pengine alikuwa afadhali alipokuwa akinywa." Naye akayasikia, au akajiambia mwenyewe maneno yayo hayo moyoni. Basi huo ndio wakati ambao wengi hurudi walikotoka.

Wanalotaka kujua ni hili: je, akili iliyoharibiwa na ulevi hurudi? Na ikiwa hurudi, mbona huyu haijamrudia?

Jawabu ya matabibu ni kwamba hurudi, na sehemu iliyo kubwa hurudi. Lakini hairudi siku ile mtu aachapo, wala hairudi yote kwa mwendo mmoja, na iko sehemu ambayo kwa baadhi ya watu hairudi kabisa. Asiyezijua nyakati hizi humhukumu mwenziwe kabla ya wakati wake.

Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu husema ya kuwa neno khamri latoka katika asili yenye maana ya kufunika, na katika asili hiyo hiyo limetoka jina la mtandio wa kichwa wa mwanamke. Kileo kimeitwa hivyo kwa kuwa hufunika akili. Maelezo haya yamfaa sana mtu aliyelewa usiku mmoja, kwani kifuniko huondoka kesho yake, na kilichokuwa chini yake kikaonekana kama kilivyokuwa. Walakini kwa mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, mfano wa kifuniko peke yake hautoshi. Huyo ubongo wake haukufunikwa tu, bali umegeuzwa umbile lake ili upate kuishi na kileo. Na kilichogeuzwa hakirudi kwa kufunuliwa.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama ratili 3, na ndani yake chembe zake hupelekeana habari kwa dawa ambazo mwili wenyewe huzitengeneza. Mbili katika hizo ndizo kubwa kwa jambo hili. Moja yaitwa gaba, na kazi yake ni kutuliza. Ya pili yaitwa glutamati, na kazi yake ni kuamsha na kuchochea. Kileo huitia nguvu ile ya kutuliza na huizuia ile ya kuamsha, na hii ndiyo sababu ya mnywaji kulegea ulimi na miguu, na hofu yake kumtoka. Ikiwa ni kila siku, ubongo haukubali kukaa hali umelegezwa. Hujirekebisha wenyewe: huwa mzito wa kuisikia ile ya kutuliza, na huzidisha milango ya kuipokea ile ya kuamsha, mpaka ukaweza kufanya kazi yake pamoja na kileo. Ndipo watu husema, "Fulani anaweza kunywa, halewi," wakamsifu kwa jambo ambalo ni dalili ya maradhi.

Hali hii yafanana na mashua yendayo kwa upepo mkali. Upepo huilaza upande mmoja, na mabaharia huenda wakakaa upande wa pili ili uzito wao uiweke sawa. Atazamaye kwa mbali huiona yaenda wima, akadhani hapana taabu. Lakini upepo ukikatika ghafla, na wale watu wangali wamekaa pale pale, mashua hulala upande wao, na pengine hupinduka. Mwenye kunywa sana akiacha ghafla, kileo hutoka mwilini kwa muda mchache, ilhali marekebisho ya ubongo yangali mahali pake. Kilichobaki ni uchochezi mtupu usio na wa kuutuliza.

Taabu ya siku hizo ina saa zake. Baina ya saa 6 na saa 24 tangu tone la mwisho, mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio, tumbo huchafuka na usingizi humkimbia. Baina ya saa 6 na 48 baadhi yao huanguka kama wenye kifafa. Na baina ya siku ya pili na ya nne, wachache miongoni mwao hupatwa na lililo kali kuliko hayo yote: huona wadudu wakitambaa ukutani, husikia watu wakimwita, hawamjui mke wala mwana, na mwili huwaka moto. Tabibu wa Kiingereza Thomas Sutton aliyaandikia maradhi haya kitabu mwaka 1813, akayapa jina la Kilatini lenye maana ya kuweweseka kwa kutetemeka. Kwa muda mrefu baada yake matabibu walibishana kama yatokana na kunywa au na kuacha, maana wengine walidhani ni sumu ya kileo, na wengine wakadhani ni njaa na upungufu wa chakula. Jambo lilidhihirika mwaka 1955, Harris Isbell na wenziwe walipotangaza waliyoyaona mjini Lexington, Marekani. Watu 10 waliowahi kutumia morfini walinyweshwa kileo kila siku, wengine kwa wiki nyingi, huku wakilishwa chakula kizuri na vitamini, kisha wakakatiwa ghafla. Wale waliokunywa muda mrefu zaidi, baadhi yao walianguka kifafa na baadhi wakaweweseka, ingawa hawakukosa chakula. Jaribio la namna hiyo leo halingeruhusiwa, na ni vyema lisiruhusiwe. Lakini tangu siku hizo imejulikana ya kuwa kuacha ghafla kwenyewe kuna hatari kwa mwenye kunywa sana.

Jambo hili lawahusu watu wa pwani kwa njia ambayo huenda watu wa Lexington hawakuifikiri. Yajulikana kwamba wako wanaume wanywao mwaka mzima, na siku za mwisho za Shaabani, watu wavunjapo jungu, wakazidisha. Kisha mwezi ukiandama wakaacha kwa mara moja kwa heshima ya Ramadhani. Nia yao ni njema. Lakini mtu wa namna hiyo, ikiwa ni mnywaji wa kila siku, huingia katika usiku wa pili na wa tatu wa mfungo hali ubongo wake uko katika wakati wake wa hatari kuliko wote, na mchana hana maji tumboni. Akianza kutetemeka na kuona visivyokuwapo, watu wa nyumba husema amepandwa na pepo, akaitwa wa kusoma au wa kupunga, na usiku ukapita. Dua haikatazwi, na mgonjwa yeyote huombewa. Lakini huyu ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali usiku ule ule. Huko hupewa dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, ambazo hupunguzwa siku baada ya siku mpaka ubongo uzoee, na hupigwa sindano za vitamini B1. Zamani wengi waliofikia kuweweseka huku walikufa. Kwa matibabu ya leo wafao ni wachache. Lililo bora kuliko hayo ni mnywaji wa kila siku amwendee daktari mapema, katika Rajabu au mwanzo wa Shaabani, aachishwe kwa uangalizi, apate kuuingia mwezi hali ni mzima. Na ikiwa ugonjwa umemkuta ndani ya mwezi, sheria imempa mgonjwa udhuru wake, wala hapana haja ya kuwa mkali kuliko sheria. Mtu anywaye mara moja moja kwa kawaida hapatwi na hatari hii, basi asiitumie kuwa hoja ya kutoacha.

Siku hizo zikipita salama, huanza kazi ya ujenzi, nayo ni ya polepole.

Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba kileo huua chembe za ubongo, na kilichokufa hakifufuki; basi ubongo wa mlevi uliosinyaa umesinyaa milele. Kusinyaa kwenyewe ni kweli. Picha za ubongo wa watu waliokunywa miaka mingi zaonyesha mianya yenye maji imepanuka na nyama ya ubongo imepungua. Lakini mwaka 1978 Peter Carlen na wenziwe wa Toronto, katika nchi ya Kanada, walitangaza jambo lililowashangaza wengi. Waliwapiga picha watu 8 waliokuwa walevi wa muda mrefu, kila mmoja mara mbili, na baina ya picha na picha zilipita wiki 35 kwa wengine hata 95. Katika wanne miongoni mwao kule kusinyaa kulikuwa kumepungua, na hao wanne ndio walioshikamana na kuacha, na hali zao zikawa njema. Watu wanane ni wachache, na yapasa kusemwa hivyo. Lakini waliofuata baadaye wenye mashine bora waliliona jambo lilo hilo. Mwaka 2007 Andreas Bartsch na wenziwe wa Ujerumani walipima ubongo wa watu 15 mara walipoacha, kisha wakapima tena baada ya wiki 6 au 7. Kwa wastani ukubwa wa ubongo ulikuwa umeongezeka kwa karibu sehemu 2 katika kila 100. Kwa asiyejua, hesabu hii ni ndogo. Kwa kiungo kilichofungwa ndani ya fuvu la mfupa, tena kwa wiki saba, ni kubwa.

Ni kitu gani basi kiongezekacho? Clive Harper wa Australia, aliyechunguza ubongo wa watu waliokwisha kufa, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kusinyaa haiko katika chembe zenyewe, bali katika ile nyama nyeupe, yaani nyuzi ziunganishazo chembe na chembe pamoja na ganda la mafuta lizizungukalo. Nyuzi zaweza kutengenezwa upya na ganda likarudishwa. Hata hivyo Harper aliona pia kwamba katika sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, walevi walikuwa wamepungukiwa na zaidi ya chembe moja katika kila tano. Hizo ndizo ambazo hazitarajiwi kurudi. Yaani nyumba imebomoka kuta, nazo zajengeka. Lakini baadhi ya nguzo zimeondoka, na atakayejenga atajenga kwa nguzo zilizobaki.

Na hiyo sehemu ya mbele ndiyo ifanyayo kazi ambayo watu wa nyumba huitafuta kwa hamu: kuzuia hasira, kupanga kazi na kuimaliza, kupima neno kabla ya kulisema, kuacha starehe ya leo kwa faida ya kesho. Imeumizwa sana, na si ya kwanza kupona. Basi yule mtu wa mwezi wa kwanza, mkali na msahaulifu, hakuharibiwa na kuacha. Yeye ni kama aliyetolewa bendeji mguu ulipokuwa ungali umevunjika, na watu wakamshangaa kwa kuchechemea. Usingizi nao humsumbua. Mlevi aliyeacha huweza kukaa miezi mingi, na wengine zaidi ya mwaka, kabla ya kuupata tena ule usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, na asiyelala hukosa subira hata kama hakuonja kileo maisha yake yote. Mke na ndugu wakilijua hili mapema, pengine lile neno la "afadhali alipokuwa akinywa" halitasemwa. Nalo ni neno zito, kwa kuwa husemwa katika wiki ambazo mtu ana nguvu kidogo kuliko wakati wowote za kulistahimili.

Mwendo wa kupona umepimwa vilevile. Wataalamu wa California, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023, waliwapima watu walioacha kwa wiki moja, kisha mwezi mmoja, kisha kama miezi 7. Gamba la juu la ubongo lilikuwa limenenepa katika sehemu zake nyingi, na mwendo wake ulikuwa wa haraka zaidi katika mwezi ule wa kwanza. Hapa pana ajabu ya kuzingatiwa: mwezi ambao mtu huonekana vibaya ndio ambao ubongo wake hujijenga kwa haraka. Wengine walikwenda polepole, nao ni wenye maradhi ya kukaza mishipa, kama shinikizo la damu na mafuta mengi katika damu, na wale waliokuwa wakivuta sigara. Neno hili la sigara lisipitwe, maana wengi waachao kileo huongeza sigara ili kuutuliza moyo, na watu wakawapa wakidhani wanawasaidia.

Kisha iko miaka. Mwaka 2006 huko Marekani George Fein na wenziwe waliwatahini watu 48, wanaume kwa wanawake, waliokuwa walevi na wakaacha, na kwa wastani walikuwa wamekaa miaka 6.7 bila ya kunywa. Walitahiniwa kumbukumbu, uangalifu, wepesi wa fikra, maneno, na kupambanua mambo, wakalinganishwa na watu ambao hawakuwa walevi. Katika karibu mambo yote walikuwa sawa nao. Walipungua katika jambo moja tu, nalo ni kupambanua maumbo na nafasi zake, mfano wa mtu kukigeuza kitu akilini mwake akajua kitakavyoonekana upande wa pili. Mwenye duka huenda asiutambue upungufu huo maisha yake yote. Seremala wa majahazi atautambua, na nahodha vilevile, na ni haki yao kuujua ili wapime mara mbili palipowatosha mara moja.

Imebaki ile sehemu isiyorudi. Mwaka 1881 Carl Wernicke wa Ujerumani alieleza maradhi ya ghafla ambayo macho hukosa kutembea sawasawa, miguu hukosa mizani, na fahamu huvurugika. Na mwaka 1887 Sergei Korsakoff wa Moscow alianza kueleza maradhi ya kusahau ambayo mara nyingi huyafuata yale ya kwanza. Mgonjwa wa Korsakoff huongea vizuri na huwajua watu wa zamani, lakini jambo jipya halikai. Ukimwuliza jana alikuwa wapi, hukusimulia safari ya Unguja na watu aliowakuta bandarini, naye hakutoka kitandani. Wala hakusudii uongo, bali ubongo wake huziba pengo kwa chochote upatacho. Asili ya maradhi haya si kileo chenyewe, bali ni kukosa vitamini B1, ambayo akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Mlevi huikosa kwa njia mbili: hali chakula, na hata alapo, kileo hulizuia tumbo lisiipokee. Maurice Victor na wenziwe wa Marekani, walioandika juu ya wagonjwa hawa mwaka 1971 baada ya kuwaangalia miaka mingi, walikuta kwamba kama mmoja katika watano alirudiwa na kumbukumbu karibu yote, na kama robo yao hawakupata nafuu yoyote. Waliosalia walikuwa baina ya hao.

Na hapa ndipo kuwahi kufaapo. Wernicke akitambuliwa siku zile za kwanza na sindano za B1 zikapigwa, Korsakoff aweza kuepukwa. Kwa hiyo aachaye kileo alishwe: kunde, mbaazi, maharagwe, karanga, samaki, na nafaka isiyokobolewa mpaka ikawa nyeupe tupu, maana mchele mweupe uliosuguliwa sana umepoteza B1 yake pamoja na pumba. Nchi ya Australia iliona wagonjwa hawa ni wengi, ikaamuru mwaka 1991 kwamba unga wa mkate utiwe vitamini hiyo, na wagonjwa wakapungua.

Mwisho ni habari ya wale waachao na kurudi. Wako wakaao siku thelathini bila ya tone, na asubuhi ya Idi, au siku chache za Mfungo Mosi, wakaanza upya, na mwaka ujao wakafanya vivyo hivyo. Huhesabu kwamba ubongo wao hupumzika mwezi mmoja kila mwaka. Mwezi mmoja wa kuacha una faida yake, kama ilivyoonekana katika vipimo vilivyotajwa. Lakini ukirudiwa kwa kukata na kuanza, kwa mnywaji wa kila siku huzaa jambo jingine. Mwaka 1978 James Ballenger na Robert Post wa Marekani waliwapitia walevi waliolazwa hospitali, wakaona kwamba taabu ya kuacha huwa kali zaidi kadiri miaka ya kunywa na kuacha ilivyorudiwa. Wakaifananisha na kuni ambazo kila ziungapo kidogo na kuzimwa, mara ya pili huwaka kwa cheche ndogo zaidi. Mtu ambaye mara ya kwanza alitetemeka tu, mara ya tano huenda akaanguka kifafa, ingawa hakunywa zaidi ya zamani. Kwa sababu hiyo daktari ajuaye kazi yake hatosheki kumwuliza mgonjwa amekunywa miaka mingapi. Humwuliza pia ameacha mara ngapi, na mara ya mwisho alipoacha, usiku wa tatu ulikuwaje.